Risasi Ndani ya Chemba: Silaha Iliyofichwa, Nyumbani na Hospitalini

Chukuliwe mfano huu, uliotungwa kwa ajili ya mafunzo. Jioni ya siku ya mauzo, mfanyabiashara wa mahindi wa mjini Songea anarudi nyumbani kwa bodaboda. Ana fedha taslimu mfukoni, na kiunoni, chini ya shati, amechomeka bastola anayoimiliki kwa leseni. Mteremkoni pikipiki inateleza kwenye mchanga. Dereva anachubuka tu. Abiria anagonga kichwa kwenye ukingo wa mtaro na kupoteza fahamu. Baada ya muda mfupi amelazwa katika chumba cha dharura. Muuguzi anachukua mkasi ili akate nguo, kama alivyofundishwa kumfanyia kila majeruhi asiyejitambua, na mkono wake unagusa chuma.

Litakalofuata linategemea kwa sehemu kubwa uamuzi alioufanya mtu huyo asubuhi alipokuwa akivaa: je, aliingiza risasi ndani ya chemba, au aliiacha chemba tupu? Suala hili hujadiliwa sana na wamiliki wa silaha katika nchi nyingi, na karibu daima hujadiliwa kwa upande wa mbebaji peke yake, yaani atawahi au hatawahi kujihami. Wanaosahauliwa ni wale wanaoikuta silaha hiyo bila kuitarajia: muuguzi, dereva wa bodaboda, mke anayefua nguo, mtoto anayetafuta pipi katika mkoba wa baba.

Chemba na magazini

Chemba ni tundu lililo mwanzo wa mtutu, ambamo risasi hukaa wakati wa kufyatuliwa. Bastola ya magazini hupakiwa kwa hatua mbili. Kwanza, magazini yenye risasi huingizwa ndani ya kitako. Kwa hatua hiyo pekee silaha haiwezi kufyatua kitu: risasi zimo ndani yake, lakini hakuna iliyo mbele ya pini. Hatua ya pili ni kuvuta nyuma sehemu ya juu ya bastola na kuiachia, kitendo ambacho wengi hukiita kukoki. Sehemu hiyo inaporudi mbele, husukuma risasi moja kutoka kwenye magazini na kuiingiza ndani ya chemba. Kuanzia hapo, kinachotenganisha ukimya na mlipuko ni kifyatulio, au triga kama kinavyojulikana mitaani.

Kutokana na mpangilio huo huzaliwa kosa ambalo limeua watu duniani kote. Mtu huchomoa magazini, akaiona mkononi, akaamini kwamba bastola imekuwa tupu. Kumbe risasi iliyokwisha kuingia ndani ya chemba haitoki pamoja na magazini. Hubaki palepale, na katika bastola nyingi itafyatuka vilevile kifyatulio kikivutwa. Mhudumu wa afya akikumbuka jambo hilo moja tu kutoka katika somo hili, atakuwa amepata kinga kubwa.

Bastola ya silinda, ile inayozunguka, ina utaratibu wake. Kila tundu la silinda ni chemba. Katika bastola za zamani za aina hiyo, nyundo hukaa juu ya risasi, na pigo la kuanguka sakafuni linaweza kutosha kuifyatua. Ndiyo maana wamiliki wa silaha hizo walizoea kuacha tundu moja tupu chini ya nyundo.

Hoja za pande mbili

Wanaobeba silaha ikiwa na risasi ndani ya chemba wana hoja zisizopaswa kudharauliwa. Mshambuliaji hatoi taarifa. Kukoki huhitaji mikono miwili, na mkono mmoja unaweza kuwa umeshikwa, umejeruhiwa au unamkinga mtoto. Mikono inayotetemeka hukoki vibaya. Isitoshe, bastola nyingi za kisasa zina kizuizi cha ndani kinachoifunga pini mpaka kifyatulio kivutwe hadi mwisho, hivyo kuanguka peke yake hakutarajiwi kuifyatua. Wanaongeza, na hapa wana haki, kwamba kupakia na kupakua kila siku kuna hatari yake, kwa sababu ajali nyingi hutokea wakati huohuo silaha inaposhikwashikwa.

Hata hivyo, hoja hizo hujengwa juu ya sharti ambalo kwa kawaida halitajwi. Zinamfikiria mbebaji mwenye bastola mpya iliyotunzwa, aliyeiweka ndani ya ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, na anayefanya mazoezi ya mara kwa mara chini ya mwalimu. Mfanyabiashara anayechomeka bastola kati ya suruali na ngozi, au anayeitumbukiza ndani ya mkoba pamoja na funguo, simu na daftari la hesabu, hayumo ndani ya hoja hiyo. Ufunguo ukinasa kwenye kifyatulio, kizuizi cha ndani hakisaidii kitu. Kiliundwa kuachia kifyatulio kinapovutwa, na hakijui kama kimevutwa na kidole au na ufunguo.

Aina ya silaha nayo ina uzito wake. Bastola za mtindo wa Tokarev, zilizobuniwa katika Muungano wa Kisovieti mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kunakiliwa baadaye nchini China na kwingineko, ziliundwa awali bila kitufe cha usalama cha nje. Kinga yake ni kuiegemeza nyundo nusu ya njia, na meno yanayoishikilia huchakaa. Bastola ya namna hiyo ikiwa na risasi ndani ya chemba haifai kupanda bodaboda. Hata teknolojia mpya si dhamana kamili: mwaka 2017 kampuni ya SIG Sauer ilitangaza marekebisho ya hiari ya bastola yake ya P320, baada ya majaribio kuonyesha kwamba ikianguka kwa pembe fulani iliweza kufyatuka.

Songea ni mji unaojua gharama ya kutegemea kinga isiyopimwa. Makumbusho yake ya Majimaji huhifadhi kumbukumbu ya vita vya 1905 hadi 1907, ambamo wapiganaji waliahidiwa kwamba risasi zingegeuka maji. Kitufe cha usalama si dawa ya namna ile, lakini kuna wanaokiamini kwa namna ileile.

Kwa mwenye silaha asiye askari, asiye na ala sahihi wala mazoezi ya kila mara, uamuzi unaolinda afya uko wazi: chemba iwe tupu. Kuhusu hatari ya kupakia na kupakua, jibu limo ndani ya uamuzi huohuo. Asiyeingiza risasi ndani ya chemba asubuhi hana haja ya kuitoa usiku. Huchomoa magazini, hukagua chemba kwa macho na kwa kidole akiwa ameelekeza mtutu mahali salama, kisha hufungia silaha mahali pake na risasi mahali pengine. Anayepakia na kupakua risasi ileile kila siku hujiongezea hatari nyingine isiyojulikana na wengi. Kichwa cha risasi husukumwa kidogokidogo ndani ya ganda lake, na siku itakapofyatuliwa, mgandamizo ndani ya chemba unaweza kupanda kupita kiasi.

Gobole nyuma ya mlango

Wamiliki wa bastola ni wachache. Katika vijiji vya Namtumbo na Tunduru, vinavyopakana na mapito ya wanyama kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji, na katika maeneo mengine mengi ya kusini, silaha inayohusika zaidi ni gobole. Tembo, nguruwe pori na ngedere huingia mashambani mahindi yanapokaribia kukomaa, na mkulima analala dunguni akilinda chakula cha mwaka mzima. Ni kweli kwamba gobole la kienyeji lisilosajiliwa ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mara nyingi hutumika katika ujangili. Lakini mhudumu wa afya anayeanza mazungumzo kwa kutaja sheria hatapata jibu la kweli.

Kwa upande wa usalama, gobole ni tatizo la chemba katika sura yake mbaya zaidi. Halina magazini. Baruti, kitambaa na gololi au vipande vya chuma hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, na vikishaingia, kuvitoa ni kazi ngumu na ya hatari. Njia rahisi ya kulipakua ni kulifyatua. Kwa hiyo gobole lililoshindiliwa jioni na kutotumika usiku hurudi nyumbani asubuhi likiwa na shehena yake, likasimamishwa nyuma ya mlango au kulazwa juu ya dari, na linaweza kukaa hivyo kwa wiki. Mwenye nyumba hukumbuka. Wengine ndani ya nyumba hawajui. Hatua inayoweza kupunguza madhara, kwa yule ambaye bado hajalisalimisha, ni kuondoa fataki inayowasha baruti na kuihifadhi mbali. Hata hivyo hiyo ni nusu ya kinga, kwa kuwa cheche ya moto nayo yaweza kuwasha baruti. Njia iliyo salama ni kulisalimisha polisi, na Serikali imewahi kutangaza vipindi vya msamaha kwa wanaofanya hivyo kwa hiari. Anayelisalimisha likiwa limeshindiliwa aseme hivyo kabla hajafika nalo kituoni. Ni bora zaidi akiliacha lilipo na kuwaita askari au mwenyekiti wa kijiji.

Mtoto, na saa ya huzuni

Wazazi wengi hujitetea kwa kusema kwamba watoto wao wamefundishwa wasiguse. Mwaka 2001 watafiti wa Atlanta, Marekani, walichapisha jaribio lililopima utetezi huo. Wavulana 64 wenye umri wa miaka 8 hadi 12 waliwekwa katika makundi madogo ndani ya chumba chenye bastola halisi iliyofichwa kwenye droo, ikiwa haina uwezo wa kufyatua. Kati ya makundi 29, makundi 21 yaliipata. Katika makundi 16 iliguswa na kuchezewa, na katika makundi 10 angalau mtoto mmoja alivuta kifyatulio. Karibu nusu ya walioipata walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na hakika. Na zaidi ya asilimia 90 ya walioichezea au kuvuta kifyatulio walikuwa wamekwisha kupata mafundisho fulani ya usalama wa silaha. Mafundisho ni mema, lakini hayawezi kuwekwa mahali pa kufuli.

Mwaka 2005 utafiti mwingine wa Marekani ulilinganisha silaha zilizotumika katika ajali au kujiua kwa watoto na vijana na silaha nyingine za majumbani. Mambo manne yalihusiana na hatari ndogo, kila moja kwa nafasi yake: silaha kufungiwa, silaha kutokuwa na risasi, risasi kufungiwa, na risasi kuhifadhiwa mbali na silaha. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji vifaa vya gharama. Sanduku la bati lenye kufuli, na chombo cha pili chenye kufuli yake, vinatosha.

Kuhusu kujiua, lugha ya tahadhari inahitajika, lakini ukimya hausaidii. Watu wengi wanaojaribu kujiua kwa njia nyingine huokolewa, na wengi wa waliookolewa hawafi kwa kujiua baadaye. Kwa bunduki, takriban watu 9 kati ya 10 hufa. Saa ya hatari mara nyingi ni fupi: baada ya ugomvi, hasara ya biashara, majibu mabaya ya vipimo, au pombe. Silaha iliyo tayari kufyatuka hainyimi mtu huyo nguvu ya kutenda. Humnyima muda wa kubadili nia. Kwa hiyo mgonjwa mwenye huzuni ya muda mrefu, kukosa usingizi au ulevi anapaswa kuulizwa kuhusu silaha kama anavyoulizwa kuhusu dawa na viuatilifu vya shambani alivyo navyo nyumbani. Swali laweza kuulizwa hivi: “Baba, katika kipindi hiki kigumu, je, nyumbani kuna kitu chochote, kama bunduki au dawa za shambani, ambacho ingekuwa vyema ndugu akuhifadhie kwa muda?” Kwa bastola yenye leseni, jibu sahihi si kumkabidhi ndugu asiye na leseni, ni kuwasiliana na polisi kuhusu namna ya kuihifadhi. Mazungumzo hayo yafanyike faraghani na yasigeuzwe kuwa upelelezi.

Silaha inapofika mapokezi

Muuguzi wa mfano uliotangulia afanye nini? Aache kukata. Aondoe mkono bila kuvuta, aseme kwa sauti tulivu kwamba mgonjwa ana silaha, na wasiohitajika watoke chumbani, hasa waliosimama upande ambao mtutu umeelekea. Asijaribu kuipakua, asichomoe magazini, asiikabidhi kwa ndugu wa mgonjwa. Ichukuliwe kuwa ina risasi ndani ya chemba hata kama kila mtu anaapa kwamba haina. Polisi aitwe mara moja.

Lakini mgonjwa asiyejitambua hawezi kusubiri polisi bila njia ya hewa kufunguliwa. Huduma ya hewa na upumuaji iendelee kutoka upande wa kichwa, watoa huduma wakikaa nje ya mstari wa mtutu. Ikiwa silaha inazuia kuokoa maisha, mtu mmoja tu, ikiwezekana mlinzi au mtumishi aliyefunzwa, aitoe pamoja na ala au kipande cha nguo inamokaa, vidole vikiwa mbali na kifyatulio, mtutu ukielekea ukutani au chini pasipo na mtu. Iwekwe ndani ya chumba kinachofungwa na isiguswe tena. Hospitali isiyo na chumba kilichoteuliwa kwa kazi hiyo itajikuta ikiteua usiku wa manane, kwa haraka na vibaya.

Jeraha la risasi

Mtu akipigwa risasi kijijini, uhai wake hutegemea zaidi damu anayoipoteza katika dakika za kwanza. Jeraha likandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kufunuafunua ili kuangalia. Damu ya mguu au mkono isiyozuilika kwa mgandamizo ifungiwe mkanda mpana, upana wa vidole vitatu hadi vinne, juu ya jeraha na si juu ya kiungo cha goti wala kiwiko. Ukazwe mpaka damu ikome, na saa ya kufunga iandikwe. Kamba nyembamba hukata nyama bila kuzuia damu. Majeruhi afunikwe asipate baridi, asipewe chakula wala kinywaji, na jeraha lisipakwe mafuta ya taa, majivu wala majani.

Kituoni, asidi ya traneksamiki inastahili kukumbukwa mapema. Utafiti wa CRASH-2, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba hupunguza vifo vya majeruhi wanaotoka damu nyingi. Kwa mtu mzima hutolewa gramu 1 kwa mshipa ndani ya dakika 10, kisha gramu 1 kwa saa 8. Faida hiyo ni ndani ya saa 3 tangu kuumia. Baada ya hapo dawa yaweza kudhuru. Kutoka Tunduru hadi Songea ni zaidi ya kilomita 250. Kwa majeruhi anayepewa rufaa kwa barabara hiyo, dozi ya kwanza iliyoachwa ili “watampa huko mbele” inaweza kufika imechelewa.

Jeraha la gobole lina uchafu wake maalumu: masizi, vipande vya kitambaa kilichoshindilia baruti, na chuma chenye kutu. Lisafishwe vizuri, nyama iliyokufa iondolewe, na kwa kawaida lisishonwe siku hiyo. Hufungwa baada ya siku 4 au 5 likiwa safi. Kinga ya pepopunda isisahauliwe, wala antibiotiki palipovunjika mfupa. Mlipuko wa gobole lenyewe mara nyingi hujeruhi mkono unaolishika na macho. Jicho lililopasuka lisikandamizwe. Lifunikwe kwa kikombe kigumu na mgonjwa apelekwe haraka.

Fomu ya Polisi Na. 3 ina nafasi yake, lakini majeruhi wa dharura hutibiwa kwanza na fomu hufuata. Katika maandishi, daktari aeleze ukubwa, umbo na mahali pa kila tundu, pamoja na masizi kama yapo, na ajizuie kuandika “tundu la kuingilia” au “la kutokea” asipokuwa na ujuzi wa uchunguzi huo. Maneno mawili yaliyoandikwa kwa haraka yanaweza kumfunga asiye na hatia. Nguo zikatwe kando ya tundu la risasi, si kupitia ndani yake, na zihifadhiwe katika mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki hufuga unyevu na ukungu.

Katika mfano wa mafunzo, askari alipofika na kuikagua bastola, alitoa magazini, akavuta sehemu ya juu, na risasi moja ikadondoka sakafuni. Siku tatu baadaye mgonjwa alikuwa amezinduka na kuanza kula. Alirudishiwa simu, fedha zilizohesabiwa mbele ya mashahidi wawili, na karatasi yenye jina la kituo cha polisi kinachohifadhi silaha yake. Kabla ya kumruhusu, daktari alimuuliza mambo mawili: usiku huilaza wapi, na nani mwingine nyumbani anajua ilipo. Kwa swali la kwanza alijibu haraka: chini ya mto. Kwa la pili alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mwanawe wa miaka sita hupenda kulala kitandani kwake.